Rubani Huandaliwa Angali Ardhini

Leo nakuandikia hasa wewe kijana wa Ayivu au wa Koboko, uliye kati ya miaka 13 na 18, ambaye ndege ikipita juu ya shamba la mihogo husimamisha jembe na kuitazama mpaka ipotee mawinguni. Nawaandikia pia wazazi wako, kwa kuwa ndoto ya mtoto mmoja hulipiwa na nyumba nzima.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na sijapata kurusha ndege. Hata hivyo, wanafunzi wangu wameniuliza swali moja mara nyingi kuliko maswali ya ngeli na nyakati: "Mwalimu, nifanye nini ili niwe rubani?" Si ajabu waulize. Uwanja wa ndege wa Arua upo karibu nasi. Kwa miaka mingi ndege za Eagle Air na ndege nyingine ndogo zimeuunganisha mji huu na Entebbe, na watoto wetu wamekua wakizisikia zikinguruma. Kuuliza si ujinga, na mwalimu aulizwapo hana budi kutafuta jibu.

Ninayo sababu nyingine ya kuandika. Familia moja niifahamuyo iliuza sehemu ya shamba la ukoo ili imlipe dalali aliyeahidi nafasi katika chuo cha urubani ng'ambo. Dalali alikuwa na picha za ndege katika simu yake na barua yenye muhuri mwekundu. Chuo hakikuwapo. Leo kijana amekaa nyumbani, simu ya dalali haipatikani, na katika shamba lile analima mtu mwingine. Laiti baba yake angalijua maswali matatu tu ya kuuliza, ardhi ile ingalikuwa yake hata sasa. Maswali hayo nitayataja hapa chini.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Rubani ni neno la baharini. Kabla ya kuwapo ndege, watu wa pwani walimwita rubani yule aliyejua njia ya maji: palipo na miamba, palipo na mkondo, na upepo utakaogeuka. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, hakuijua njia ya kuvuka bahari. Alipewa rubani huko Malindi, naye akamfikisha Calicut, Bara Hindi. Chombo kilikuwa cha Wareno, bali roho zote zilizokuwamo zilikuwa mikononi mwa mtu mmoja aliyejua. Tulipoleta neno hili angani tuliihamisha na maana yake: rubani ni mtu ambaye wengine humwamini na maisha yao, hali wao wenyewe hawawezi kuikagua kazi yake. Abiria aliyeketi kiti cha nyuma haoni dira wala kipimo cha mafuta. Ameamini tu.

Ndiyo maana nasema maandalizi ya urubani huanza mapema, na sehemu kubwa ya mwanzo wake haina ada. Unajiandaa kuwa mtu wa kuaminiwa: katika hesabu, katika lugha, katika mwili na katika ukweli. Samaki mkunje angali mbichi.

Tuanze na darasa. Katika mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza nchini Uganda mwaka 2020, hisabati, fizikia, jiografia na Kiingereza ni masomo ya lazima hadi kidato cha nne. Kwa hiyo mlango wa urubani u wazi kwa kila mwanafunzi mpaka afanye mtihani wa UCE. Mlango huo huanza kufungwa kidato cha tano, mtu anapochagua masomo yake matatu makuu. Vyuo vya urubani hutazama hisabati na fizikia kabla ya jambo lolote. Ukiyakimbia masomo hayo kwa kuwa rafiki zako wamesema ni magumu, umejifungia mlango mwenyewe, na hakuna dalali awezaye kukufungulia.

Wanafunzi hulalamika kwamba hesabu za darasani hazina kazi maishani. Basi chukua kalamu tusafiri kwenda Entebbe. Arua iko takriban digrii 3 kaskazini ya ikweta na digrii 31 za longitudo mashariki. Entebbe iko karibu juu ya ikweta yenyewe, digrii 32 na nusu mashariki. Katika sehemu hii ya dunia digrii moja ni kama kilomita 111. Basi tunashuka kusini kilomita 333 na kwenda mashariki kilomita 167 hivi. Tumia kanuni ya Pythagoras uliyofundishwa, nawe utapata umbali wa kilomita 370 na kidogo. Ndege iendayo kilomita 300 kwa saa itafika kwa saa 1 na dakika 14. Lakini ukivuma upepo wa mbisho, yaani upepo unaokuja usoni mwa chombo, wa kilomita 40 kwa saa, mwendo wa ndege juu ya ardhi utashuka hadi 260, na safari itachukua takriban saa 1 na dakika 26. Dakika 12 zimeongezeka, nazo zinahitaji mafuta. Asiyezihesabu dakika hizo kabla ya kuruka hatapata kituo cha mafuta mawinguni.

Fizikia nayo iko hapa hapa Arua. Mji wetu umeinuka karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya mahali palipoinuka ni nyepesi, na jua kali la Januari na Februari huifanya iwe nyepesi zaidi. Bawa hubebwa na hewa, na injini huvuta hewa ili ichome mafuta. Kwa hiyo, mchana wa joto, ndege ile ile yenye mzigo ule ule huhitaji njia ndefu zaidi kabla ya kuinuka. Rubani hufanya hesabu hiyo kabla ya kuruka, na pengine humwambia abiria kwamba gunia lake litabaki. Abiria hukasirika. Rubani aliyeielewa fizikia huwa na ujasiri wa kumwacha akasirike.

Hata tarakimu kubwa zilizoandikwa kwenye njia za kurukia ni somo la jiografia. Njia kuu ya Entebbe huitwa 17 upande mmoja na 35 upande wa pili. Ongeza sifuri kwa kila nambari, nawe umepata digrii 170 na 350 za dira. Tofauti yake ni 180, kwa kuwa ni njia moja inayotazamwa kutoka ncha mbili. Kijana anayejua kusoma dira na ramani ya shule ameanza kusoma ramani ya rubani.

Jambo la pili ni lugha, na hapa naingia shambani mwangu. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Tenerife, visiwa vya Canary, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana zikiwa bado ardhini, penye ukungu. Watu 583 walikufa. Ndege moja ilikuwa imeanza kukimbia ili ipae kabla ya kupewa ruhusa, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni maneno ya redio ambayo rubani na mnara waliyaelewa kwa maana mbili tofauti. Hakuna ajali nyingine ya ndege kugongana au kuanguka iliyoua watu wengi kuliko hiyo, na mzizi wake mmoja ulikuwa sentensi isiyo wazi.

Tangu mwaka 2008, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limetaka marubani wa safari za kimataifa wathibitishe kwamba wanazungumza na kuelewa Kiingereza kwa kiwango cha 4 au zaidi, katika ngazi zenye viwango 6. Kiingereza cha kujisifia hakitakiwi. Kinachotakiwa ni kusema jambo moja kwa maneno machache, kusikiliza lafudhi za watu wa mataifa mengi, na kurudia agizo ulilopewa ili aliyelitoa ahakikishe kuwa umelisikia sawasawa. Zoezi la kurudia agizo unaweza kulianza nyumbani. Mama akikutuma sokoni, usiseme tu "ndiyo, mama" na kuondoka mbio. Mrudie: "Chumvi pakiti mbili, sabuni mche mmoja, chenji nirudishe." Ukifanya hivyo mwaka mzima, utakuwa na tabia ambayo wengine hujifunza kwa ada kubwa.

Wala usidhani kwamba lugha zako za nyumbani ni mzigo. Kijana wa hapa huzungumza Kilugbara au Kikakwa, husikia Kinubi mjini na Kilingala kwa wafanyabiashara wanaovuka kutoka Ariwara, hufundishwa kwa Kiingereza na husoma Kiswahili kwangu. Sikio lililokua katikati ya lugha nyingi hujifunza lafudhi mpya upesi. Mfikirie Bessie Coleman, binti Mmarekani mweusi aliyezaliwa Texas mwaka 1892. Shule za urubani za nchini mwake zilimkataa kwa rangi yake na kwa jinsia yake. Alijifunza Kifaransa akiwa Chicago, akavuka bahari hadi Ufaransa, na mwaka 1921 akapata leseni ya kimataifa ya urubani. Nchi yake ilimfungia mlango. Lugha ya kigeni ikamfungulia mwingine.

Jambo la tatu ni mwili. Anayetaka leseni ya kurusha ndege kwa malipo lazima apate cheti cha afya cha daraja la kwanza, kinachotolewa na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga. Daktari huyo hupima macho, masikio, moyo, mishipa ya fahamu na akili. Wanafunzi wengi huamini kwamba avaaye miwani hawezi kuwa rubani. Imani hiyo haina msingi. Kanuni ya kimataifa hutaka kila jicho lifikie 6/9 na macho yote mawili pamoja yafikie 6/6, kwa miwani au bila miwani. Tatizo lililo zito zaidi ni kutotofautisha rangi ipasavyo, maana taa na alama nyingi za anga husema kwa rangi. Na kifafa nacho kwa kawaida huuzuia mlango. Nitalisema hili bila kuficha: mairungi na waragi, ambavyo vijana wetu huvipata kwa urahisi mno, haviendi pamoja na cheti cha afya cha rubani. Kijana wa miaka 15 anayetafuna mairungi ili akeshe akisoma anakula mbegu ya mavuno yake mwenyewe.

Jambo la nne, nalo ndilo kiini cha yote, ni ukweli. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Ohio, Marekani, ndege mpya ya Boeing ilipaa, ikapinda, ikaanguka na kuwaka moto. Aliyeirusha alikuwa rubani mzoefu sana wa jeshi. Kosa halikuwa la injini: kifungio kinachoyashika mabawa ya usukani wakati ndege imeegeshwa kilikuwa hakijafunguliwa. Baada ya ajali hiyo ikaenea desturi ya orodha ya ukaguzi, yaani karatasi ambayo rubani huisoma jambo kwa jambo kabla ya kuruka, hata kama ameruka mara elfu. Orodha hiyo ni kukiri kwa unyenyekevu kwamba kumbukumbu ya binadamu, hata ya bingwa, hupungukiwa.

Sasa jiulize: mtu aliyezoea kunakili majibu ya jirani katika mtihani atakuwa rubani wa namna gani? Rubani huandika mwenyewe katika daftari lake saa alizoruka. Hujitangaza mwenyewe kuwa ni mgonjwa siku ambayo kichwa kinamzunguka. Huripoti mwenyewe kosa lake ili mwenzake asilirudie kesho. Usafiri wa anga umekuwa salama kwa sababu watu wengi husema kweli hata pasipo na shahidi. Tabia hiyo hainunuliwi chuoni. Hujengwa unapokuwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi na hesabu zikalingana. Hujengwa unapokagua breki na magurudumu ya baiskeli kabla ya kumpakia mdogo wako. Raia mwema na rubani mwema hufundishwa katika shule moja.

Baada ya misingi hiyo huja njia yenyewe. Kwa kanuni za kimataifa, leseni ya rubani binafsi hutolewa kuanzia umri wa miaka 17, na huhitaji saa zisizopungua 40 za kuruka, au 35 katika mafunzo yaliyoidhinishwa. Leseni hiyo haikuruhusu kulipwa. Leseni ya rubani wa biashara hutolewa kuanzia miaka 18, kwa saa 200, au 150 kwa aliyesoma kozi kamili iliyoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, ya rubani mkuu wa ndege kubwa za abiria, huanzia miaka 21 na saa 1,500. Kwa hiyo wewe wa miaka 14 hujachelewa hata kidogo. Unayo miaka mitatu ya kujenga msingi kabla umri haujakuruhusu kupata hata leseni ya kwanza.

Wapi pa kusomea? Chuo cha umma kilicho karibu nasi kipo Soroti. Kilianzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ili kiwahudumie Wakenya, Watanzania na Waganda pamoja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kikabaki mikononi mwa Uganda. Kinafundisha urubani, uhandisi wa matengenezo ya ndege na uendeshaji wa safari. Kuna pia shule za binafsi katika kiwanja cha Kajjansi, kandokando ya barabara ya Entebbe, na nyingine katika uwanja wa Wilson, Nairobi. Jeshi la anga nalo hufundisha marubani wake, kwa masharti ya kijeshi.

Sasa tufike kwenye fedha, mahali ambapo familia nyingi huumia. Mafunzo ya urubani ni ghali. Hesabu yake ni ya makumi kwa makumi ya milioni za shilingi, kwa kuwa kila saa ya mafunzo angani hula mafuta na matengenezo. Basi kabla hamjauza hata mbuzi mmoja, ulizeni maswali matatu. La kwanza: je, mtoto amepimwa na daktari wa usafiri wa anga? Anzeni na kipimo, ada ifuate. Ni afadhali kujua kasoro ya macho kwa gharama ya vipimo kuliko kwa bei ya shamba. La pili: je, chuo hiki kimeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, au na mamlaka ya nchi kilimo? Msitosheke na karatasi ya dalali. Iulizeni mamlaka yenyewe. La tatu: fedha zinalipwa kwa nani? Chuo cha kweli hutoa akaunti yenye jina la chuo na stakabadhi. Atakayetaka alipwe mkononi, au kwa namba yake ya simu, mwageni kwa heshima.

Msione haya kuuliza. Ibara ya 41 ya Katiba ya Uganda humpa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali na vyombo vyake, isipokuwa zile zinazogusa usalama wa nchi au faragha ya mtu mwingine. Nayo sheria ya mwaka 2005 imeeleza namna ya kuziomba. Orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa si siri ya dola. Mzee wa kijijini akiandikiwa barua na mwanawe wa kidato cha tatu, akaipeleka ofisini na kusubiri jibu, wote wawili wamefanya kazi ya uraia, na pengine wameokoa ardhi ya ukoo.

Neno kwa wazazi wenye mabinti. Kapteni Irene Koki Mutungi wa Kenya alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa rubani wa Kenya Airways, na baadaye akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787. Ndege haiulizi aliyeshika usukani ni mvulana au msichana. Ikiwa nyumbani kwako binti ndiye anayepata alama za juu za fizikia, usimtoe shuleni ili ada imfae kaka yake.

Na ikiwa kipimo cha macho au mfuko wa fedha utakataa? Fundi anayetia sahihi kwamba injini iko salama, mwongoza ndege aliye mnarani, mtabiri wa hali ya hewa na mpangaji wa safari, hao wote hubeba roho zile zile za abiria. Masomo waliyosoma yanakaribiana na ya rubani, hivyo bidii yako haitapotea.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Muhula huu, fanya mambo manne. Rudia hesabu niliyokupa ya Arua na Entebbe, kisha ufanye ya Arua na Soroti kwa ramani ya shule. Soma kwa sauti ukurasa mmoja wa Kiingereza na mmoja wa Kiswahili kila jioni, mwenzako akirudia alichosikia. Nenda hospitali ukapimwe macho. Na wewe pamoja na wenzako mwombeni mwalimu mkuu aandike barua ya kuomba ziara ya wanafunzi katika uwanja wa ndege wa Arua, ambao ni mali ya umma na unasimamiwa na mamlaka niliyoitaja. Nakala ya barua hiyo ileteni kwangu kabla haijatumwa, niwasahihishie Kiswahili chake.